Alamu ya nyumba unayoifikia kwa simu: uliza kwanza taarifa inapita wapi

Mtu aliyeko Muscat, London au Minneapolis mwenye nyumba Goba au Nyali, akiulizia alamu, swali lake la kwanza huwa ni hili: nitaiona kwenye simu? Muuzaji anajibu ndiyo, anafungua programu kwenye simu yake, anaonyesha kitufe cha kuwasha na cha kuzima, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Lakini karibu kila paneli, yaani kisanduku kinachoendesha alamu, inayouzwa leo inaweza kuonyesha kitufe hicho. Tofauti kubwa iko kwenye njia ambayo taarifa inapita kutoka mlango wa jikoni hadi mkononi mwako, na kwenye kinachotokea siku njia hiyo inapokatika. Na huku kwetu inakatika. Umeme unazimika, faiba inakatwa na katapila la barabara, bando linaisha bila mtu kujua. Paneli ya nyumba ya huku ichaguliwe kwa kufikiria siku hizo.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Paneli ni bodi ya kielektroniki ndani ya kisanduku cha bati au plastiki, ambacho mafundi hupenda kukificha stoo au juu ya kabati la chumbani. Kwenye mifumo ya nyaya, kama PowerSeries ya DSC au Spectra na Magellan za Paradox, zote za Kanada, ukifungua mfuniko unakuta nyaya zinazoingia kutoka kwenye sumaku za milango na sensa za mwendo, waya wa king'ora, umeme ulioshushwa na transfoma kutoka 230 V hadi kama 16 V, na betri ya 12 V imelala chini. Kila mlango au chumba kina namba yake, ambayo mafundi huiita zoni. Ukutani, karibu na mlango wa kuingilia, kuna kibao cha namba cha kuwashia na kuzimia.

Kazi yote ya msingi inafanyika hapo. Mlango ukifunguliwa wakati alamu imewashwa, bodi inaamua yenyewe na king'ora kinalia, intaneti iwepo isiwepo. Lishike hilo kama sharti la kwanza. Viko vifaa vya bei nafuu vya Wi-Fi ambavyo sensa yake huzungumza moja kwa moja na seva iliyoko ng'ambo, na Wi-Fi ikizimika hakuna kinacholia nyumbani wala kwenye simu. Hivyo visiitwe alamu.

Sehemu ya mtandao, kwenye paneli za nyaya, ni nyongeza. Paradox wana moduli ya IP150, inayochomekwa kwenye soketi ya pini nne kwenye bodi. Wenye PowerSeries ya DSC hutumia Envisalink, inayoungwa kwenye nyaya zilezile nne za kibao cha namba, nyekundu, nyeusi, njano na kijani, na paneli inaichukulia kama kibao kingine tu. Mifumo mipya kama Ajax ya Ukraine au AX Pro ya Hikvision ya China huja na mtandao ndani yake. Kwa hiyo aliyenunua au kurithi nyumba yenye paneli ya nyaya asiwe na haraka ya kuing'oa. Aangalie jina lililoandikwa kwenye bodi, kisha aulize kama ina moduli. Mara nyingi nyaya zilizopitishwa ukutani wakati wa ujenzi zina thamani kuliko kifaa kipya cha kubandika.

Safari ya taarifa moja

Saa nane usiku mlango wa jikoni unafunguliwa. Sumaku iliyo kwenye mlango inasogea mbali na mwenzake aliye kwenye fremu, mzunguko unakatika, paneli inaona zoni ya tatu imeachia. King'ora kinalia. Wakati huohuo paneli inaandika ujumbe mfupi wenye sura hii: 1234 18 1130 01 003. Hiyo 1234 ni namba ya akaunti ya nyumba. 18 inataja aina ya ujumbe. Kwenye 1130, tarakimu ya kwanza inasema tukio ni jipya, na 130 ni uvamizi. 01 ni sehemu ya nyumba iliyowashiwa alamu, na 003 ni zoni yenyewe. Umeme ukikatika ingekuja 301, betri ikichoka 302.

Huo ni utaratibu uitwao Contact ID, uliotengenezwa na Ademco ya Marekani enzi ambazo paneli ilipiga simu ya mezani na kutoa milio ya namba. Leo namba zilezile zinasafiri kwenye intaneti, kwa utaratibu mwingine unaojulikana kama SIA DC-09. Nimeyataja majina haya kwa sababu yana faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi: paneli inayoyafahamu inaweza kupokelewa na vituo vya kampuni nyingi za ulinzi, na siku ukikosana na kampuni moja unahamia nyingine bila kubadili hata sensa. Muulize muuzaji kwa majina hayohayo. Akikwepa, ujue kifaa hicho kinaongea na programu yake tu.

Kutoka kwenye moduli, ujumbe unaingia kwenye rauta, unakwenda kwa mtoa huduma wa intaneti, unapita kwenye kebo za chini ya bahari hadi kwenye seva ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi haiko Afrika Mashariki. Seva nayo haikupigii moja kwa moja. Inaikabidhi Google au Apple, ambao ndio wanaosukuma arifa hadi kwenye simu za Android na iPhone. Mwisho kabisa, simu yenyewe: Android nyingi zina kipengele cha kuokoa chaji ambacho huzima programu zisizotumika, na programu ya alamu, kwa vile haifunguliwi kila siku, huwa ya kwanza kulazwa. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi wakati wote, na kwenye arifa uiruhusu ilie hata simu ikiwa kimya.

Hesabu mikono iliyoshika taarifa hiyo moja. Jumapili ya Mei 12, 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo paneli iliyoko Mbezi na mwenye nyumba aliyeko Kinondoni wako ndani ya mji mmoja, lakini kwa kuwa seva iko Ulaya, taarifa inatakiwa ivuke bahari kwenda na kurudi. Meseji ya kawaida kati ya laini mbili za nchini haina safari hiyo. Ndiyo maana paneli inayoweza kutuma SMS na kupiga simu kwa laini yake yenyewe bado ina nafasi kubwa huku, hata kama programu yake ya simu haipendezi. Na walio ng'ambo waweke namba ya ndugu au jirani aliyeko hapohapo iwe ya kwanza kupokea, zao zifuate.

Simu ikiwa kimya

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo zima, na ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko yote. Simu yako isipolia usiku kucha, ina maana nyumba iko salama, au ina maana njia imekatika tangu saa mbili? Paneli nyingi haziwezi kukujibu, kwa sababu zimepangwa kuongea pale tu panapokuwa na tukio. Mwizi akichomoa waya wa rauta iliyoko barazani kabla ya kugusa mlango, unaendelea kulala.

Dawa yake ni paneli inayopiga hodi kwenye seva kila baada ya muda, ikisema nipo, na seva inayokujulisha hodi hiyo ikikosekana. Muda huo una viwango. Mwongozo wa Ulaya wa EN 50136 umepanga madaraja kuanzia lile ambalo kukatika kwa njia kunaweza kuchukua siku 32 kabla ya kuripotiwa, hadi lile la sekunde 20. Daraja la siku 32 halina maana yoyote kwa nyumba isiyo na mtu. Ajax wanakuruhusu kupanga hodi hiyo kati ya sekunde 10 na 300. Paneli nyingine za nyaya zina ripoti ya majaribio mara moja kwa siku, ile inayokuja kama 602 kwenye Contact ID, nayo ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Kwa nyumba ambayo mwenyewe yuko mbali, mimi nisingekubali zaidi ya dakika tano.

Ukimya wa aina hiyo hutokea pia ndani ya nyumba, kati ya sensa na paneli. Januari 2016 watafiti wa kampuni ya Rapid7 walieleza kwamba mfumo wa Xfinity wa Comcast huko Marekani, sensa zake zisizo na waya zikizibiwa masafa ya redio, uliendelea kuonyesha milango yote imefungwa na alamu imewashwa. Haukuripoti kwamba umepoteza mawasiliano. Mwezi uliofuata watafiti wa kampuni nyingine, IOActive, wakaonyesha kwamba kwenye mfumo wa SimpliSafe mtu aliye karibu na nyumba angeweza kunasa mawimbi ya namba ya siri na kuyarudisha baadaye, na alamu ikazimika. Kwa hiyo ukichagua isiyo na waya, uliza mambo mawili: mawasiliano yake yamefichwa kwa msimbo na yanakwenda pande zote mbili? Na sensa ikizibiwa au kuishiwa betri, paneli inasema baada ya muda gani? Vile visanduku vya masafa ya 433 MHz vyenye rimoti mbili na king'ora, vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, kwa kawaida vinaanguka kwenye maswali yote mawili.

Mifumo ya nyaya nayo ina ukimya wake, na huu unasababishwa na fundi. Kila zoni inatakiwa iwe na rezista ndogo, kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu, mwisho wa waya; kwa DSC ni ya om 5,600, om ikiwa ndiyo kipimo cha uzuiaji huo. Paneli inapima: ikiona om hizo, mlango umefungwa, ikiona waya umekatika, mlango umefunguka, ikiona waya umegusana, kuna mtu anachezea. Ili hilo la tatu lifanye kazi, rezista lazima ikae kule mlangoni, kwenye sumaku. Mafundi wenye haraka huifunga ndani ya kisanduku kwa sababu ni rahisi. Matokeo yake, mtu akizigusanisha nyaya hizo popote njiani, paneli bado inahesabu om 5,600 na kuripoti kwamba mlango umefungwa, na programu yako ya simu inaupokea uongo huo vizuri kabisa hadi Muscat. Siku ya kazi simama karibu na fundi, umwombe akuonyeshe rezista ilipo kabla hajafunga kifuniko cha sumaku.

Nani mwingine anaweza kuingia

Ukiweza kuifikia paneli kutoka mbali, swali linalofuata ni nani tena anaweza. Kuna namna tatu za kuingia, na mafundi hawazielezi.

Ya kwanza ni kufungua pota kwenye rauta, yaani kutoboa njia ili yeyote anayejua anwani ya IP ya nyumbani, namba inayoitambulisha nyumba kwenye intaneti, afike kwenye moduli. Ilikuwa desturi miaka ya nyuma, na wapo wanaoifanya hadi leo. Simshauri mtu. Intaneti nzima inachunguzwa usiku na mchana na programu zinazotafuta vifaa vilivyoachwa wazi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta kwa wingi sana kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la vifaa likaiangusha huduma ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na tovuti kubwa za Marekani zikazimika nayo. Paneli za alamu nazo zina namba za kiwandani; namba ya fundi kwenye DSC, kwa mfano, ni 5555, na imeandikwa kwenye kijitabu ambacho kila mtu anaweza kukisoma. Hata hivyo kwa wengi wetu njia hii haifanyi kazi kabisa. Mitandao ya simu, na baadhi ya faiba za majumbani, hazimpi mteja anwani ya IP ya peke yake. Fungua rauta yako, tazama anwani ya upande wa nje: ikianzia 100.64 hadi 100.127, hizo ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya mitandao ambayo wateja wengi hutumia anwani moja ya nje, na pota utakayofungua haitafika popote.

Ya pili ni kupitia seva ya mtengenezaji. Paneli ndiyo inayotoka nje kuitafuta seva, nawe unaitafuta seva hiyohiyo, mnakutana huko. Haihitaji kutoboa rauta, inafanya kazi hata kwa laini ya simu, na kwa nyumba nyingi ndiyo ninayoipendekeza. Gharama yake ni kwamba umemtegemea mtu. Aprili 2022 kampuni ya Insteon, ya vifaa vya nyumbani vinavyoendeshwa kwa simu, ilizima seva zake bila kuwaambia wateja. Google ilisitisha kuuza Nest Secure, ambayo ni alamu ya nyumba hasa, mwaka 2020, na Aprili 8, 2024 ikazima huduma yake. Vifaa vilikuwa vizima ukutani. Kabla ya kununua, tafuta ni hadi mwaka gani mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho ya usalama. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, sheria inawalazimisha watengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na mtandao kutaja muda huo na inapiga marufuku maneno ya siri ya kiwandani yanayofanana au kubashirika kirahisi. Kwa hiyo kifaa kinachouzwa huko kihalali kina ahadi yake iliyoandikwa, na wewe wa Arusha unaweza kuisoma pia.

Ya tatu ni kujenga njia yako binafsi ya VPN, yaani njia iliyofichwa kwa msimbo ndani ya intaneti, hadi kwenye rauta ya nyumbani na kuongea na moduli humohumo ndani. Ni salama na haimtegemei mtengenezaji, na Envisalink inaikubali vizuri kwa sababu ina mlango wa ndani ya nyumba. Ila inataka mtu anayezifahamu rauta, na siku ikiharibika nawe uko mbali, hakuna wa kuitengeneza.

Umeme na laini

Betri ya kawaida ya kisanduku ni ya 12 V na 7 Ah. Tuseme paneli, kibao cha namba na sensa nane kwa pamoja vinakula kama 0.25 A. Kwa kalamu, 7 ukigawanya kwa 0.25, ni saa 28. Kwa betri ya miaka miwili iliyokaa kwenye joto la Dar, hesabu nusu yake. Hiyo inatosha usiku mmoja wa mgao. Lakini rauta haimo kwenye hesabu hiyo, na nyumba nyingi hapo ndipo zinapoanguka: king'ora kiko hai, paneli iko hai, rauta imekufa dakika ileile umeme ulipokatika. Usiichomeke rauta kwenye betri ya paneli, kwa sababu itaimaliza haraka na bodi nyingi hazikuundwa kubeba mzigo huo. Nunua yuipiiesi (UPS), yaani betri ya akiba, ndogo ya 12 V kwa ajili ya rauta na kifaa cha faiba. Agosti 25, 2023 Kenya karibu nzima ilizimika, na sehemu nyingi umeme ulirudi siku iliyofuata, kwa hiyo pima kwa saa 24 kama unaweza, na usishuke chini ya 12, ambazo ndizo kiwango cha Ulaya kwa nyumba za kawaida.

Laini ya simu ya akiba ndani ya paneli inaokoa faiba ikikatika, lakini inasahaulika. Bando lake linaisha, au kampuni ya simu inaifungia kwa kutotumika, na unagundua siku unayoihitaji. Ipangie ripoti ya majaribio kila wiki ipitie kwenye laini, si kwenye faiba, na mpe mtu mmoja nyumbani kazi ya kuiwekea salio. Angalia pia laini inashika mtandao gani. Februari 2022 AT&T ilizima 3G huko Marekani, na paneli zilizotegemea redio hizo zikabaki bila njia mpaka zibadilishwe. Ukinunua paneli iliyotumika kutoka ng'ambo, huenda ni moja ya hizo.

Na laini hiyo isajiliwe kwa jina lako. Vivyo hivyo akaunti ya programu ya simu: ifunguliwe kwa barua pepe yako, wewe ndiye msimamizi, fundi apewe ruhusa ya muda na kisha iondolewe. Hali ya kawaida ni kinyume chake. Fundi anafungua akaunti kwa barua pepe yake ili amalize haraka, anakuongeza wewe kama mtumiaji, na miaka mitatu baadaye anaweza bado kuzima alamu yako akiwa popote. Si lazima awe mtu mbaya. Simu yake ikiibiwa inatosha.

Arifa za uongo nazo zinahusika na chaguo la paneli. Mjusi kafiri akipita juu ya kioo cha sensa ya mwendo, sensa inaona mtu. Paneli inayokuruhusu kuzima zoni moja tu kutoka mbali, au kudai sensa mbili zikubaliane kabla ya kulia, itakusaidia kuliko yenye programu nzuri, kwa sababu mwenye nyumba aliyeamshwa bure kila wiki huishia kunyamazisha arifa zote.

Kabla ya kulipa salio la mwisho, fanya majaribio fundi akiwepo, saa mkononi. Zima umeme kwenye meni swichi, uone taarifa ya 301 imekufikia. Umeme ukiwa bado umezimwa, fungua mlango wa jikoni. Kisha chomoa waya wa rauta na uhesabu dakika ngapi zinapita kabla ya simu kukuambia paneli imepotea. Fungua mlango tena, uone kama laini ya akiba imeibeba taarifa. Rudia hilo la mwisho simu yako ikiwa imezimwa, ili ujue kama jirani uliyemweka namba ya kwanza anapokea meseji, anaijua ni ya nini, na ana ufunguo wa geti.